Baruti nyeusi ya zamani, chembe kubwa: nitie kwenye gobori au nisitie?

*"Fundi, shikamoo. Naishi Pennsylvania, upande wa Scranton. Baba mkwe wangu amefariki na ameniachia gobori la gumegume, la .50, lenye mifereji ndani ya mtutu. Alikuwa akiwindia kulungu kila baada ya Krismasi, na mwaka huu natamani nitoke nalo mimi. Bandani kwake tumekuta makopo mawili ya baruti nyeusi. La kwanza ni la bati, lina kutu, maandishi yamefifia ila nasoma Fg, na limebaki nusu. La pili halina lebo kabisa. Chembe zake ni kubwa zaidi, nyingine zinafika milimita nne, na juu zimegandana na kuwa na weupeweupe. Rafiki yangu mmoja anasema baruti ikikaa sana hupoa, kwa hiyo niongeze kipimo tu. Mwingine anasema niianike, kisha niisage iwe laini. Baruti mpya ni ghali na duka la karibu halina. Nifanyeje?"*

Marahaba, ndugu yangu, na poleni kwa msiba. Katika barua yako mna maswali matatu yaliyofungwa pamoja: kama baruti huisha nguvu kwa kukaa, kama chembe kubwa zinafaa bunduki ya .50 (yaani mtutu wenye upana wa nusu inchi), na kama kweli unajua kilichomo kwenye makopo hayo. Watu wengi huhangaika na la kwanza. Linalonitia wasiwasi mimi ni la tatu. Nikupe jibu kabla ya maelezo: usitie baruti ya kopo lolote kati ya hayo mawili kwenye gobori la marehemu. Usiianike, usiisage, na lile lisilo na lebo usilifungue tena.

Tuanze na hilo la kupoa, maana ndilo linalosemwa na kila mtu. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura (nitrati ya potasiamu), makaa na salfa, na hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kinachooza. Katika hili inatofautiana sana na baruti isiyo na moshi, ile ya risasi za kisasa, ambayo kemikali yake hujila yenyewe polepole. Ikiharibika hutoa harufu kali ya asidi na vumbi la rangi ya kutu. Baruti nyeusi iliyofungwa vizuri na kuwekwa pakavu yaweza kukaa miaka mia na zaidi, na siku ikiguswa na cheche ikawaka kama iliyotoka kiwandani juzi. Mwaka 2008, huko Virginia, mkusanyaji mzoefu wa mabaki ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani aliuawa nyumbani kwake na kombora la mzinga alilokuwa akilisafisha. Vita hivyo viliisha mwaka 1865. Kwa hiyo rafiki yako anapokuambia kwamba uzee peke yake umeipoza baruti, amekosea, na kosa hilo lina hatari pande zote mbili: unaweza kuongeza kipimo cha baruti ambayo bado ina nguvu zake zote, au ukaichezea ukidhani imekufa.

Adui wa baruti nyeusi ni maji. Shura huyeyuka ndani ya maji, na hata unyevu wa hewa ya banda lisilo na joto, ukirudiarudia majira ya joto na baridi kwa miaka, unatosha kuitoa mahali pake. Kiwandani viungo hivyo vitatu husagwa na kushikamanishwa sana hivi kwamba ndani ya chembe moja moto hauna safari ya kwenda kutoka makaa hadi shura. Unyevu ukiingia, shura huyeyuka kidogo, hutembea hadi juu ya chembe, kisha maji yakikauka huganda pale kama chumvi. Huo ndio weupeweupe ulioona, au angalau ndicho kisababishi chake cha kawaida. Ukiianika, utaondoa maji, lakini shura haitarudi ilikokuwa. Utabaki na chembe ambazo hapa zina shura nyingi na pale zina makaa matupu. Baadhi zitawaka kwa kasi, baadhi zitafukuta, na hakuna anayeweza kukuambia zipi ni zipi. Baruti iliyogandana imekwisha kama baruti ya bunduki, ingawa kama kitu cha kuunguza nyumba bado iko hai kabisa.

Hapa ndipo ushauri wa kuongeza kipimo unapokuwa mbaya kuliko unavyosikika. Watu hudhani hatari ya baruti mbovu ni kwamba bunduki haitalia, basi. Fikiria kinachotokea ndani ya mtutu. Umemimina baruti dhaifu, umeshindilia risasi na kitambaa chake kwa mdeki, ile fimbo ya kushindilia, hadi chini, umeweka baruti laini kwenye kifa, kisahani kidogo kilicho kando ya mtutu, umefyatua. Kifa kimewaka, lakini kilichosikika ndani ni pumzi tu. Risasi imesogea mbele sentimita kumi au ishirini, ikasimama. Wewe nje huoni kitu. Unadhani moto wa kifa haukuingia mtutuni kupitia tundu la moto. Unaweka baruti nyingine kwenye kifa na kufyatua tena. Sasa baruti iliyobaki nyuma inawaka huku risasi ikiwa mbali nayo, na mtutu unakuwa na kizuizi katikati. Gobori limejengwa kwa sharti moja kubwa, kwamba risasi ikae imegusana na baruti bila nafasi katikati. Sharti hilo likivunjwa, mtutu unaweza kuvimba kama pete au kupasuka, na mkono wako wa kushoto uko papo hapo chini yake. Na ukiwa umeongeza kipimo, umeongeza pia nguvu ya pigo hilo la pili.

Jambo jingine la baruti yenye unyevu ni kuchelewa kulia. Kifa huwaka, kimya kinapita, kisha bunduki inalia wakati wewe umeanza kuishusha. Ikikutokea na baruti yoyote, hata mpya, liache gobori limeelekea kwenye shabaha kwa dakika moja au mbili kamili kabla ya kufanya jambo jingine lolote.

Sasa chembe. Herufi F kwenye kopo hazipimi ubora wala ukali wa mchanganyiko. Zinapima ukubwa wa chembe: F zikiwa nyingi, chembe ni ndogo. Fg ina chembe za takriban milimita 1.2 hadi 1.7, FFg huwa kati ya 0.6 na 1.2 hivi, FFFg ni ndogo zaidi, na FFFFg inakaribia unga, hiyo ndiyo ya kifa. Mchanganyiko ni uleule. Kinachobadilika ni kasi. Moto huila chembe kuanzia nje kwenda ndani, kwa hiyo kadiri sehemu ya nje inavyokuwa kubwa kulinganisha na uzito, ndivyo gesi inavyotoka haraka. Chukua gogo moja na mzigo wa vijiti vyenye uzito sawa na gogo hilo, uwashe vyote: vijiti vitakuwa vimekwisha wakati gogo halijashika vizuri. Fg ni gogo. Ilikusudiwa mitutu mipana, kama misketi ya kijeshi ya .69 na .75, bunduki kubwa za marisau na mizinga midogo, ambako risasi ni nzito, nafasi ni kubwa, na ukitumia chembe ndogo kwa kipimo kikubwa msukumo hupanda ghafla mno.

Kwenye mtutu wako wa .50, Fg nzima na kavu isingelipasua gobori. Ingefanya kazi kivivu. Risasi ya duara ya .50 ni nyepesi. Hutoka kabla chembe kubwa hazijamaliza kuungua, na zilizobaki huenda kuwakia nje ya mdomo au hubaki ndani kama masizi. Baruti nyeusi hata ikiungua vizuri huacha zaidi ya nusu ya uzito wake kama uchafu mgumu, si gesi, na chembe kubwa kwenye mtutu mdogo huongeza uchafu huo. Risasi ya pili au ya tatu utaisukuma kwa jasho, na risasi inayokataa kufika chini inakurudisha kwenye hatari ya nafasi niliyoieleza. Pia kasi hubadilika kati ya pigo na pigo. Mwindaji anayemlenga kulungu hana haki ya kubahatisha hapo, maana mnyama aliyejeruhiwa ndiye anayelipa.

Kuhusu kusaga, naomba unielewe vizuri. Hili silo jambo la kufanya kwa uangalifu. Ni jambo la kutofanya kabisa. Baruti nyeusi huwashwa na msuguano na cheche, na vumbi lake ni jepesi kuwaka kuliko chembe zake. Viwanda vya baruti vya karne ya 19 vilijengwa na kuta nene za mawe pande tatu na upande mmoja mwepesi unaotazama mto, ili kikilipuka mlipuko uende majini. Hivyo ndivyo familia ya du Pont, watengenezaji wa baruti, walivyojenga kando ya mto Brandywine huko Delaware, kuanzia mwaka 1802, na bado walipoteza watu. Waliokuwa wakiifanya kazi hiyo kila siku hawakuamini kwamba wanaweza kuizuia isilipuke. Kinu cha jikoni au chupa juu ya meza hakina ukuta wa mawe.

Nirudi kwenye kopo lisilo na lebo, kwa sababu mahali unapoishi pana maana kubwa. Scranton ni nchi ya makaa ya mawe. Kwa vizazi vingi wachimbaji wa huko walipasua mwamba kwa baruti nyeusi, na makopo yake yalibaki mabandani baada ya migodi kufungwa. Baruti hiyo haikuwa ya bunduki. Mwaka 1857 Lammot du Pont, wa familia ileile, alipata hataza ya baruti ya kupasulia iliyotumia nitrati ya sodiamu, shura ya Peru na Chile, badala ya ile ya potasiamu, kwa kuwa ilikuwa rahisi kwa bei. Nitrati ya sodiamu huvuta unyevu wa hewa kwa pupa, na ndiyo maana baruti hiyo ikiachwa vibaya huloa na kugandana. Chembe zake pia huwa kubwa, mara nyingi kubwa kuliko Fg. Chembe za milimita nne zilizogandana, ndani ya banda la Scranton: siwezi kuapa nikiwa mbali, lakini ningeletewa habari hizo bila jina la mtu, jambo la kwanza ambalo ningelifikiria ni baruti ya migodi. Haina kazi yoyote ndani ya bunduki. Usijaribu kuitambua kwa kuiwasha chembe moja; jina lake halitabadilisha uamuzi.

Na kuna uwezekano mwingine ambao ndio mbaya kuliko yote, hata kwa kopo la Fg. Makopo hutumika tena. Mtu hununua baruti isiyo na moshi, kopo lake linavunjika kifuniko, anaimimina kwenye lile lililo tupu, na miaka thelathini baadaye mkwe anasoma lebo. Baruti isiyo na moshi ndani ya gobori la kawaida hupandisha msukumo mara kadhaa zaidi ya ule mtutu uliojengewa. Hiyo hulipasua, na haijali kama umeweka kidogo. Kwa kawaida chembe zake hufanana, kama visahani, vijiti au vipande bapa, wakati baruti nyeusi ina chembe zenye pembe zisizolingana. Lakini macho ya mtu anayeanza hayatoshi, na zamani ziliwahi kuuzwa hata baruti zilizochanganya aina zote mbili. Sheria ninayoifuata na kuifundisha ni hii: baruti ambayo hukuifungua mwenyewe kutoka kwenye kifungio cha kiwanda haiingii kwenye mtutu.

Nilitendee haki kopo lenye Fg. Lingekuwa na kifungio chake, halina kutu ndani, baruti ikimiminika huru bila madonge wala weupe, ningekuambia lina thamani kwa mwenye misketi ya .75. Lebo yenyewe inaweza kukusaidia kujua umri wake. Ikiwa imeandikwa DuPont, basi ni ya kabla ya katikati ya miaka ya 1970, kwa sababu kampuni hiyo ilijitoa kwenye baruti nyeusi na kiwanda chake cha Moosic, jirani yako kabisa hapo, kikaenda kwa kampuni ya Gearhart-Owen na kuzaa jina la baruti GOEX, kabla ya kazi kuhamia Louisiana. Lakini lako lina kutu na limefunguliwa miaka mingi. Kutu huangusha vipande vya chuma ndani ya baruti, na kwenye shingo ya kopo la kutu kuna vumbi la baruti lililokauka. Kulizungusha kifuniko kwa nguvu ni msuguano. Usilikaze, usilifungue kwa koleo. Watu hukusanya makopo ya zamani, na likishatolewa baruti na wanaojua, unaweza kulihifadhi kama kumbukumbu ya mzee.

Kabla hujafikiria baruti yoyote, kuna jambo ambalo hukuliuliza, nalo ni la leo. Je, gobori hilo lina risasi ndani? Magobori ya urithi hukutwa yameshindiliwa mara nyingi kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu mwindaji alirudi bila kufyatua akalitundika ukutani. Nimeshaeleza kwamba baruti iliyokaa pakavu haifi. Lielekeze mdomo mahali salama, usiweke uso wala mkono mbele yake, toa jiwe la gumegume kwenye mtambo, futa kifa. Kisha ulaze mdeki nje ya mtutu, kutoka mdomoni hadi usawa wa tundu la moto, uweke alama kwa chaki. Uingize ndani taratibu bila kugonga. Ukifika kwenye alama au karibu sana nayo, mtutu ni mtupu. Ukisimama na kubakiza sentimita mbili, tatu au zaidi, lihesabu kuwa limejaa. Usifyatue ili "kulisafisha", usilitoboe, usilipashe moto. Usilitie garini pia. Mpigie simu fundi wa magobori kwanza akuelekeze. Mafundi wana kifaa cha gesi kinachosukuma risasi nje kupitia tundu la moto bila kuwasha chochote, na kazi yenyewe ni ya dakika chache.

Likishathibitika kuwa tupu, lipeleke hata hivyo likaguliwe ndani ya mtutu. Masizi ya baruti nyeusi huvuta maji na kula chuma, na gobori ambalo halikuoshwa kwa maji ya moto na sabuni siku ileile ya kufyatuliwa huchimbika ndani, hasa karibu na kitako cha mtutu, pale pale msukumo ulipo mkubwa.

Kuhusu baruti mpya, nakuelewa kwamba bei inauma. Maduka mengi hayaiweki kwa sababu ya masharti ya kuhifadhi, na ukiagiza peke yako utalipa ada ya mzigo wa hatari ambayo yaweza kukaribia bei ya baruti yenyewe. Wenyeji hulitatua hili kwa kuagiza pamoja kupitia klabu ya magobori, ada ikagawanywa. Sheria ya shirikisho la Marekani inamruhusu mtu kuwa na hadi pauni 50 za baruti nyeusi ya kiwandani kwa michezo na uwindaji wa bunduki za kale; jimbo au mji wako unaweza kuwa na masharti yake ya ziada, kwa hiyo uliza. Wewe unahitaji pauni moja tu kuanzia. Kwa .50 chukua FFg, au FFFg kama kitabu cha mtengenezaji kinairuhusu, na FFFFg kidogo kwa kifa. Usishawishike na baruti mbadala kama Pyrodex kwa sababu ipo dukani: huhitaji joto kubwa zaidi kuwaka, na cheche za gumegume mara nyingi haziiwashi vizuri. Vipimo vya kawaida vya .50 huwa kati ya greni 50 na 90 (greni ni kipimo kidogo cha uzito), lakini anza chini, na fuata kitabu cha mtutu huo, si kumbukumbu ya rafiki. Pima kwa kipimio, usimimine kamwe moja kwa moja kutoka kopo kwenda mtutuni. Cheche moja iliyobaki chini inageuza kopo zima kuwa bomu mkononi.

Msimu wa gumegume Pennsylvania umekuwepo tangu mwaka 1974 na kwa kawaida huanza tarehe 26 Desemba. Unahitaji kibali na mafunzo ya uwindaji ya Tume ya Wanyamapori ya jimbo hilo kama hujayapata, na kwenye mafunzo hayo utakutana na watu wa klabu ninaowasema.

Najua wasomaji wa nyumbani pia watasoma haya, na wapo ambao babu aliacha gobori darini. Kwenu ushauri ni mfupi zaidi. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na gobori lisilo na kibali ni kosa hata kama ni la ukumbusho. Mengi ya magobori hayo yalitengenezwa kwa mabomba yasiyokusudiwa msukumo wa aina hii. Ulizeni polisi namna ya kulisalimisha kabla ya kulibeba.

Sasa makopo yako. Yaache yalipo kama pale ni pakavu, mbali na tanuri la gesi, umeme na watoto, na mtu yeyote asivute sigara bandani. Usiyatupe kwenye taka, usiyachome, usiyatume kwa posta. Piga simu ya kawaida ya polisi au zimamoto wa mji wako, ile isiyo ya dharura, useme una baruti nyeusi ya zamani, makopo mawili, moja limegandana na halina lebo, na kwamba unashuku ni ya migodi. Taja uzito unaokadiria na lini lilifunguliwa mara ya mwisho. Watakupangia wataalamu wa vilipuzi waje. Wamezoea simu za namna hiyo kutoka mabandani ya wazee. Fanya hivyo wiki hii, na ukipata majibu ya kipimo cha mdeki niandikie tena, utaje jina lililochapwa juu ya mtutu, nikuambie ni kitabu gani cha vipimo ukitafute.